Saini, Ithibati na Idhini: Uhakiki wa Viendeshi katika Mifumo Huria ya Kompyuta na Utata wa Neno "Sahihi"

IKISIRI

Makala haya yanachunguza jinsi viendeshi vya kompyuta vinavyotiwa saini na kupewa ithibati katika mifumo huria ya uendeshaji, hususan Linux. Hoja kuu ni kwamba kadhia hii ina matendo matatu yaliyo mbalimbali: saini, inayoonyesha kitu kimetoka kwa nani, ithibati, inayoonyesha kitu kimepimwa, na idhini, inayoruhusu kitu kiendeshwe katika mashine fulani. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuyatenga matendo hayo. Hata hivyo, neno "sahihi", ambalo lina maana ya saini na pia ya kilicho sawa, huyachanganya. Mwishoni tunapendekeza namna ya kuyatumia maneno hayo bila kupotosha.

1.0 UTANGULIZI

Uundaji wa istilahi za sayansi na teknolojia umejadiliwa kwa muda mrefu na wanaisimu wa Kiswahili. Mara nyingi mjadala huo umehusu namna ya kupata neno pale ambapo halipo: je, likopwe, litafsiriwe au liundwe upya? Tatizo linalotushughulisha hapa ni la aina nyingine. Neno lipo, kila mtu analijua, na ni kwa sababu hiyo hasa linapotosha.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini yenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Istilahi za programu ya namna hiyo humhusu mtu anayeandika barua au kujaza jedwali. Makala haya yanashuka chini zaidi, hadi katika tabaka la kompyuta ambalo mtumiaji wa kawaida halioni, lakini ambalo likiharibika kila kilicho juu yake huharibika pia.

Tuzitazame sentensi mbili zifuatazo:

(1) Kompyuta imekikataa kiendeshi kisicho na sahihi.
(2) Kompyuta imekikataa kiendeshi kisicho sahihi.

Kinachozitofautisha ni kiunganishi "na" pekee. Sentensi (1) inasema kwamba kiendeshi hakikuwa na alama ya aliyekitoa. Sentensi (2) inasema kwamba kiendeshi kilikuwa na kasoro, au hakikuwa kile kilichotakiwa. Msomaji anayepita haraka huzisoma kama sentensi moja, na hata anayesoma polepole anaweza kudhani kwamba ya kwanza ndiyo sababu ya ya pili. Tutaonyesha kwamba dhana hiyo si kweli, na kwamba wajenzi wa mifumo huria wametumia jitihada kubwa kuzitenga dhana hizo mbili.

2.0 KIENDESHI NA KIINI

Katika makala haya neno "kiendeshi" lina maana ya programu, si kifaa. Ni programu inayouwezesha mfumo wa uendeshaji kuzungumza na kifaa fulani: kadi ya picha, kadi ya mtandao, kichapishi au diski. Bila kiendeshi chake, kifaa hubaki kipande cha chuma na plastiki.

Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991, ina sehemu ya katikati iitwayo kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za programu na kinachosimamia vifaa. Viendeshi vingi vya Linux huwa moduli, yaani vipande vinavyoweza kuingizwa katika kiini wakati mashine inafanya kazi na kuondolewa visipohitajika.

Jambo la kuzingatia ni mamlaka ya moduli hiyo. Programu ya kawaida, mathalani ya kuandikia barua, hufanya kazi ndani ya mipaka iliyowekewa. Moduli ikishaingia katika kiini haina mipaka hiyo. Inaweza kusoma kumbukumbu yote, kuficha mafaili na kubadilisha majibu ambayo kiini kinawapa wengine. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kuingiza kiendeshi ni swali la nani aitawale mashine.

3.0 SAINI

3.1 Jinsi saini inavyofanywa

Msingi wa saini za kidijitali ni wazo lililotangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, yaani matumizi ya funguo mbili zinazokwenda pamoja: mmoja wa siri, mwingine wa hadhara. Kinachotiwa saini kwa ufunguo wa siri huweza kuhakikiwa na yeyote mwenye ufunguo wa hadhara, lakini mhakiki huyo hawezi kuighushi saini hiyo.

Katika kiendeshi kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili. Kwanza, faili zima hupitishwa katika hesabu inayotoa muhtasari mfupi wa tarakimu. Hesabu iitwayo SHA-256, kwa mfano, hutoa muhtasari wa biti 256, yaani baiti 32, hata kama faili ni kubwa kiasi gani. Ikibadilishwa biti moja tu ya faili, muhtasari hubadilika kabisa. Pili, muhtasari huo hutiwa saini kwa ufunguo wa siri.

Linux ilipata utaratibu huu katika toleo la 3.7 la kiini, lililotoka Desemba 2012. Saini huambatishwa mwishoni mwa faili la moduli, ikifuatwa na maneno mafupi ya kukitambulisha kiini kwamba saini ipo. Kwa kuwa imeambatishwa nje ya umbo rasmi la faili, ni dhaifu: mtu akilipunguza faili baada ya saini kutiwa, hata kwa nia njema ya kuokoa nafasi, saini huharibika.

Kiini kinaweza kupangwa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, moduli isiyo na saini hukubaliwa, lakini kiini hujitia doa, yaani huweka alama ya kudumu hadi mashine izimwe. Alama hiyo humwambia yeyote atakayechunguza hitilafu baadaye kwamba ndani ya kiini mliingia kitu ambacho asili yake haikuhakikiwa. Katika namna ya pili, moduli isiyo na saini inayotambuliwa hukataliwa moja kwa moja.

3.2 Jambo ambalo saini haisemi

Saini iliyohakikiwa husema mambo mawili tu: kwamba faili halikubadilishwa tangu lilipotiwa saini, na kwamba aliyeitia alikuwa na ufunguo fulani wa siri. Haisemi kwamba programu haina kosa. Wala haisemi kwamba aliyekuwa na ufunguo ndiye mwenye ufunguo.

Ushahidi ulio wazi ulipatikana nje ya mifumo huria. Mwaka 2010 iligunduliwa programu haribifu ya Stuxnet, iliyokusudiwa kuharibu mashinepewa za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Viendeshi vyake vya Windows vilikuwa na saini halali, zilizotiwa kwa funguo zilizoibwa za kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron. Kompyuta zilizozihakiki saini hizo hazikukosea hesabu. Ziliuliza kama ufunguo ulikuwa wa Realtek, na kweli ulikuwa wake.

Mfano wa pili unatoka katika programu huria zenyewe, ingawa si wa kiendeshi. Machi 2024 Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data inayotumika sana katika Linux, yalifichwa mlango wa nyuma. Katika tukio hili hapakuwa na ufunguo ulioibwa. Vifurushi vilitolewa na kutiwa saini na mmoja wa watunzaji waliotambuliwa wa mradi, aliyejijengea imani kwa muda wa miaka zaidi ya miwili. Saini ilikuwa ya kweli na mwenye saini alikuwa na haki ya kuitia. Kilichokuwa kibaya ni kilichotiwa saini.

Kwa mifano hii tunaona kwamba usemi "kiendeshi chenye sahihi ni kiendeshi sahihi", ingawa unapendeza masikioni, ni wa uongo.

4.0 ITHIBATI

Ikiwa saini haisemi kwamba kitu ni kizuri, ni nani asemaye hivyo? Kazi hiyo ni ya ithibati: tamko la mtu au chombo kwamba kitu kimepimwa kwa vigezo vinavyojulikana na kimevifikia.

Katika mifumo ya kibiashara ithibati na saini mara nyingi hutoka katika mkono mmoja. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2016, viendeshi vipya vya kiini vinapaswa kutiwa saini na Microsoft yenyewe. Hata hivyo njia za kufikia saini hiyo si moja. Iko njia ambayo kiendeshi hupitishwa katika majaribio kamili, na iko nyingine ambayo mtengenezaji hutoa tamko lake bila majaribio hayo. Aidha, mwaka 2021 ilibainika kwamba kiendeshi haribifu kilichojulikana kwa jina la Netfilter kilikuwa kimepita katika mpango wa kampuni hiyo wa ithibati na kupata saini yake. Microsoft ilikiri jambo hilo na kuisimamisha akaunti iliyohusika.

Katika Linux mambo yamepangwa tofauti. Viendeshi vingi huandikwa na kuhifadhiwa ndani ya msimbo wa kiini chenyewe, mahali ambapo yeyote anaweza kuvisoma. Kila badiliko huambatana na mistari inayotaja waliohusika. Mstari wa kwanza ni wa saini ya mwandishi, uliowekwa mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 kuhusu asili ya sehemu za msimbo wa Linux. Mstari huo si wa kihesabu. Ni maandishi ya kawaida. Anayeuandika anatamka kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Hatamki kwamba msimbo unafanya kazi.

Kuna mistari mingine kwa ajili ya hayo. Mmoja humtaja aliyeuhakiki msimbo, mwingine humtaja aliyeujaribu katika mashine. Hata mhakiki, kwa mujibu wa kanuni za mradi, husema tu kwamba anauona msimbo kuwa timamu, hatoi dhamana. Kwa namna hii jumuiya ya Linux imeweka maneno tofauti kwa matendo tofauti: kutoa, kuhakiki na kujaribu. Mwanaisimu atavutiwa kuona kwamba wahandisi, ambao hawadai kuwa wataalamu wa semantiki, wameona haja ya kutenganisha maana kwa kiwango hiki.

Kampuni zinazosambaza Linux, kama vile Red Hat, SUSE na Canonical, nazo zina mipango yao ya ithibati ya vifaa. Mpango wa namna hiyo humwambia mnunuzi kwamba mashine fulani imejaribiwa na toleo fulani la mfumo. Thamani yake ni kubwa, lakini ina mipaka: ithibati ya toleo moja si ithibati ya toleo linalofuata.

5.0 IDHINI

5.1 Ufunguo wa nani?

Tendo la tatu ndilo lenye ubishi mkubwa. Saini ikishahakikiwa, bado mashine inapaswa kuamua kama ufunguo uliotumika unakubalika. Orodha ya funguo zinazokubalika ndiyo idhini. Anayeishika orodha hiyo ndiye mwenye neno la mwisho.

Mwaka 2012 Windows 8 ilipotoka, Microsoft ilizitaka kompyuta zote zilizotaka ithibati yake ziwe zimewashiwa utaratibu uitwao Secure Boot. Kwa utaratibu huo, kompyuta ikiwashwa haikubali kuendesha kipakizi cha mfumo ambacho saini yake haitokani na ufunguo uliomo ndani ya mashine. Kwa kuwa karibu kila mtengenezaji aliweka funguo za Microsoft, swali lilikuwa: Linux itawashwaje? Katika kompyuta za aina ya x86 mwenye mashine aliachiwa haki ya kuuzima utaratibu huo. Katika zile za ARM zilizouzwa na Windows 8, haki hiyo iliondolewa.

Suluhisho lililopatikana lilikuwa programu ndogo iitwayo shim, iliyotengenezwa hasa na Matthew Garrett alipokuwa Red Hat. Shim hutiwa saini na Microsoft, kisha yenyewe hukihakiki kipakizi cha Linux kwa ufunguo wa msambazaji. Wako walioliona jambo hili kuwa aibu: mfumo huria unaomba ruhusa kwa mshindani wake ili uwashwe. Wako walioliona kuwa busara, kwa kuwa mtumiaji mgeni asingeweza kuelekezwa kuzima ulinzi wa mashine yake kabla hata hajauona mfumo.

Ubishi huo ulifika kileleni Februari 2013. Wahandisi wa Red Hat walipendekeza kiini cha Linux kiweze kupokea funguo za watengenezaji wa viendeshi zikiwa zimefungwa katika faili la muundo wa Windows lenye saini ya Microsoft. Torvalds alikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba msambazaji atie saini moduli zake mwenyewe, na kwamba kwa moduli za wengine aulizwe mtumiaji, si kampuni ya mbali. Kwa maneno ya makala haya, alikataa idhini isihamishwe kutoka kwa mwenye mashine.

5.2 Mwenye mashine na ufunguo wake

Njia ya kumpa mwenye mashine sauti ilikuwa imeshapatikana mwaka 2012 kwa mchango wa SUSE: orodha ya pili ya funguo inayosimamiwa na shim, iitwayo orodha ya funguo za mwenye mashine. Anayehitaji kiendeshi ambacho msambazaji hakukitia saini, mathalani cha VirtualBox alichokijenga mwenyewe, hutengeneza jozi ya funguo, hukitia kiendeshi saini, kisha huomba ufunguo wake wa hadhara uandikishwe. Ombi halikubaliwi hapo hapo. Mashine huzimwa na kuwashwa upya, na kabla mfumo haujaanza hutokea ukurasa unaodai nenosiri aliloliweka. Sharti hilo lina maana: programu haribifu iliyomo ndani ya mfumo haiwezi kuketi mbele ya mashine na kubonyeza vibonye. Idhini hutolewa na mtu aliyepo.

Suala hili lina upande wa kisheria pia. Kampuni ya TiVo iliuza virekodi vya televisheni vilivyotumia Linux na kuutoa msimbo kama leseni ilivyodai, lakini kifaa kilikataa kuendesha msimbo uliobadilishwa kwa kuwa haukuwa na saini ya kampuni. Mnunuzi alikuwa na haki ya kubadilisha, bila uwezo wa kutumia alichokibadilisha. Toleo la tatu la leseni ya GPL, lililotolewa Juni 2007, liliweka sharti kwamba vifaa vya nyumbani viuzwe pamoja na maelezo na funguo zinazohitajika ili msimbo uliobadilishwa uendeshwe. Kiini cha Linux, hata hivyo, kimebaki chini ya toleo la pili, lisilo na sharti hilo.

5.3 Kubatilisha idhini

Idhini inayotolewa lazima iweze kubatilishwa, na hapa ndipo gharama yake inapoonekana. Julai 2020 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la BootHole katika GRUB2, kipakizi kinachotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Vipakizi vyenye kasoro hiyo vilikuwa na saini halali. Kuzibatilisha moja moja kulihitaji orodha ndefu, na nafasi ya orodha hiyo ndani ya mashine ni ndogo. Ndipo ukabuniwa utaratibu wa SBAT, ambao hubatilisha kwa namba ya kizazi badala ya kutaja kila faili.

Agosti 2024 sasisho la Windows lililotumia utaratibu huo lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye Windows na Linux pamoja zishindwe kuiwasha Linux. Wamiliki hawakuwa wamebadilisha chochote katika Linux yao. Kilichobadilika ni orodha ya idhini, na aliyeibadilisha alikuwa mwingine.

6.0 MAPENDEKEZO YA ISTILAHI

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza yafuatayo.

(i) Neno "saini" litumike kwa alama ya kidijitali, na "kutia saini" kwa tendo lake. Neno "sahihi" libaki kwa maana ya kilicho sawa. Huenda wakawapo watakaosema kwamba "saini" ni mkopo wa karibuni kutoka Kiingereza. Ni kweli; lakini "sahihi" nalo ni mkopo, wa Kiarabu. Kigezo chetu si umri wa neno bali uwezo wake wa kubeba maana moja bila kuburuta nyingine.

(ii) Kitenzi "thibitisha" kisitumiwe peke yake. Kompyuta inapolinganisha saini na ufunguo, tuseme "inahakiki saini". Maabara au jopo linapopima kiendeshi, tuseme "linatoa ithibati". Kitenzi kimoja kwa matendo haya mawili humfanya msomaji aamini kwamba kompyuta imepima ubora, nayo haikupima.

(iii) Neno "idhini" litumike kwa kukubaliwa kwa ufunguo katika mashine, pamoja na vitenzi "kuidhinisha" na "kubatilisha idhini". Kila linapotumika litajwe jina la anayeidhinisha, kwani idhini isiyo na mwenyewe huonekana kana kwamba imetoka kwa mashine.

(iv) Neno "cheti" litumike kwa uangalifu. Katika maisha ya kawaida cheti hutolewa kwa aliyefaulu mtihani. Cheti cha ufunguo hakina mtihani: husema tu kwamba ufunguo huu ni wa fulani. Kwa maana hiyo kinakaribia zaidi kitambulisho kuliko cheti cha shule. Tunapendekeza kisemwe kwa ukamilifu, "cheti cha ufunguo".

(v) "Kiini kilichotiwa doa" kikubaliwe kama istilahi. Doa haliharibu nguo, lakini huonekana, na huulizwa limetoka wapi. Hiyo ndiyo kazi halisi ya alama hiyo.

7.0 HITIMISHO

Tumeona kwamba saini ni ya aliyetoa, ithibati ni ya aliyepima, na idhini ni ya mwenye mashine. Mikono hii mitatu ikiwa mmoja, kosa la mkono huo hupita bila wa kulizuia, kama tukio la Netfilter lilivyoonyesha. Ikitengwa, kazi huwa ngumu zaidi, lakini kila mmoja huweza kuulizwa lililo lake. Hata hivyo kutengwa peke yake hakutoshi, kwani katika xz msimbo ulikuwa wazi na saini ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana juhudi kama ile ya ujenzi unaorudiwa, iliyoanza katika mradi wa Debian mwaka 2013, zina umuhimu: humwezesha mtu mwingine kuijenga programu upya kutoka katika msimbo na kuona kama atapata faili lile lile, biti kwa biti.

Kwa wanafunzi na wataalamu wa istilahi, funzo ni kwamba neno linaweza kuwa la Kiswahili fasaha na bado likampa msomaji imani asiyostahili kuwa nayo. Anayemfundisha fundi wa kompyuta kwa Kiswahili anampa, pamoja na maneno, namna ya kuamua nini aingize katika kiini cha mashine ya hospitali au ya benki. Fundi huyo akisoma kwamba kiendeshi kina saini, na aulize mara moja: ya nani, kimepimwa na nani, na ni nani aliyeruhusu?